Wastani wa Kyimo hausemi yote: Kwa nini mtawanyiko wa takwimu ni suala la mkulima na mzazi

UKITOKA Mbeya kwa barabara kuu iendayo Kyela na mpaka wa Malawi, ukaiacha Kiwira nyuma na kabla hujaingia mjini Tukuyu, unapita Kyimo. Ni kata ya migomba. Migomba imezunguka nyumba, imejaza mabonde, na mikungu iliyokatwa hupangwa kando ya lami ikisubiri wanunuzi wa kwenda Mbeya mjini, Dar es Salaam na kwingineko.

Katika eneo kama hilo swali linaloulizwa kila siku ni moja: mkungu ni bei gani? Jibu ambalo ofisa, mtafiti au mkopeshaji huondoka nalo ni wastani. Namba hiyo huandikwa katika taarifa, hupelekwa wilayani na mkoani, na mwishowe hugeuka kuwa msingi wa mpango wa maendeleo au wa mkopo wa kikundi.

Kasoro ya namba hiyo ni kwamba hakuna mkulima anayeuza mkungu wake kwa wastani. Anauza kwa bei ya siku ile, kwa mnunuzi yule aliyesimamisha gari, huku ndizi zikianza kuiva na ada ya shule ikimsubiri.

Ni kwa sababu hiyo wataalamu wa takwimu husisitiza kwamba wastani usitolewe peke yake. Wastani hueleza mahali namba zilipoelemea, lakini hauelezi zimetawanyika kiasi gani. Na katika mambo mengi yanayogusa maisha ya Watanzania, kuanzia bei ya ndizi hadi matokeo ya mitihani na kipato cha taifa, madhara yamejificha ndani ya mtawanyiko huo.

Wastani mmoja, maisha mawili

Tuchukue mfano wa kubuni wa wakulima wawili wa Kyimo, kila mmoja akiuza mkungu mmoja kwa wiki kwa muda wa wiki tano. Wa kwanza anapata Sh9,000, kisha Sh10,000 mara tatu, na wiki ya mwisho Sh11,000. Wa pili anapata Sh4,000, Sh6,000, Sh8,000, Sh14,000 na Sh18,000.

Kila mmoja amepata jumla ya Sh50,000. Ukigawanya kwa tano, wastani wa wote wawili ni Sh10,000. Katika taarifa ya ofisa wakulima hawa watasomeka kuwa sawa kabisa.

Sasa tuseme wote wawili wamekopa na wanatakiwa kurejesha Sh8,000 kila wiki. Mkulima wa kwanza atalipa wiki zote tano na kubakiwa na chenji ya chumvi na sabuni. Wa pili atashindwa wiki mbili za kwanza, na wiki ya tatu atatoa kila alichopata. Huenda kuku wake wakawa wamekwishauzwa kufidia deni kabla ile wiki ya Sh18,000 haijafika.

Kipimo chepesi zaidi cha kuonyesha tofauti hiyo ni upana, yaani kutoa bei ya chini kabisa kutoka katika bei ya juu kabisa. Kwa mkulima wa kwanza upana ni Sh2,000, na kwa wa pili ni Sh14,000. Hesabu ya kutoa inayofundishwa shule ya msingi inatosha kufichua kile ambacho wastani ulikificha.

Upana, hata hivyo, una udhaifu wake. Unategemea namba mbili tu za pembeni. Siku moja ya ajabu, kwa mfano ile ambayo tajiri wa harusi amelipa mara tatu ya bei ya kawaida, inatosha kuuvuruga wote.

Ndiyo maana wataalamu hutumia zaidi kipimo kiitwacho mchepuko sanifu, ambacho kilipewa jina lake la Kiingereza na mwanatakwimu Karl Pearson wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Kila bei hulinganishwa na wastani ili kuona imeuacha kwa kiasi gani. Tofauti hizo huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, ili zilizo chini ya wastani zisije zikafutana na zilizo juu. Kisha hutafutwa wastani wa majibu hayo, na mwisho kipeuo chake cha pili.

Kwa mkulima wa kwanza jibu ni takriban Sh632. Kwa wa pili ni takriban Sh5,215. Kwa lugha ya kawaida, bei za wa kwanza hucheza kwa mamia ya shilingi kuzunguka Sh10,000, wakati za wa pili hucheza kwa maelfu. Mkopeshaji anayeziona namba hizi mbili hawezi tena kuwawekea wakulima hao ratiba moja ya marejesho.

Mkungu hauna kilo

Kwa ndizi tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu kinachopimwa chenyewe hakina kipimo. Mkungu huuzwa kwa macho. Mmoja una chane nyingi zilizonenepa, mwingine una chache na nyembamba, na yote huitwa mkungu. Unapochukua bei za mikungu 100 na kutafuta wastani, umechanganya tofauti za bei na tofauti za uzito katika chungu kimoja, wala huwezi kuzitenganisha tena.

Wakulima wa viazi mviringo wa Isongole na maeneo mengine ya Uporoto wanalijua tatizo hilo kwa jina jingine: lumbesa. Vipimo vya kisheria haviruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana kwa miaka mingi na magunia yaliyoshonewa vilemba. Bei ya gunia inaweza kuonekana imetulia msimu mzima, ilhali kilo zilizomo ndani zinaongezeka. Hapo mkulima ameshushiwa bei bila namba yoyote kubadilika katika daftari.

Serikali kwa upande wake imekuwa ikitoa jedwali la bei za jumla za mazao makuu kama mahindi, mchele, maharage na viazi mviringo, likionyesha bei ya chini na bei ya juu katika mikoa. Huo ni utaratibu mzuri, kwa kuwa msomaji anaona upana badala ya namba moja. Kwa bahati mbaya, namba zinazonukuliwa redioni na katika hotuba mara nyingi ni zile za wastani, na nguzo mbili za pembeni huachwa katika karatasi.

Mvua ya wastani ni ipi?

Neno wastani husikika pia kila msimu wa mvua unapokaribia. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua za "wastani", "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Wananchi wengi hudhani mvua ya wastani ni kiasi kimoja kinachojulikana. Sivyo. Katika maelezo ya utabiri huo, mvua huhesabiwa kuwa ya wastani ikiwa ni kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika.

Rungwe inaonyesha vizuri maana ya jambo hilo. Unyevu utokao Ziwa Nyasa hupanda na kukutana na milima ya Rungwe, Uporoto na Livingstone, ukapoa na kuanguka kama mvua. Tukuyu na vitongoji vyake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho maeneo machache sana ya Tanzania hukifikia.

Kwa mahali penye wastani wa milimita 2,000, asilimia 75 ni milimita 1,500 na asilimia 125 ni milimita 2,500. Mwaka wa milimita 1,500 na mwaka wa milimita 2,500 yote miwili itaitwa ya wastani, ingawa tofauti kati yake ni milimita 1,000. Dodoma, ambako wastani wa mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 570, tofauti hiyo pekee ingetosha karibu miaka miwili.

Hata ndani ya wilaya moja namba hazilingani. Takwimu za wilaya ya Rungwe zimekuwa zikitaja mvua ya kuanzia milimita 900 katika ukanda wa chini hadi milimita 2,700 katika ukanda wa juu. Anayepanga kilimo cha wilaya nzima kwa namba moja ya katikati atampa mkulima wa bondeni ushauri usiomfaa, na yule wa mlimani vilevile.

Kuna mtawanyiko wa aina nyingine ambao TMA yenyewe huutaja katika taarifa zake, nao ni wa mvua ndani ya msimu. Milimita 300 zilizonyesha polepole kwa siku 30 hulowesha udongo. Milimita hizo hizo zikianguka kwa siku nne huangusha migomba, hukata barabara za vijijini na kuzuia magari kufika shambani. Jumla ni ile ile na wastani wa mwezi ni ule ule, lakini ndizi zimeozea chini ya mgomba.

Parachichi na umbo la kengele

Katika miaka ya karibuni Rungwe imejijengea jina pia kwa parachichi, hasa aina ya Hass inayouzwa nje ya nchi. Zao hili limewafundisha wakulima somo la mtawanyiko bila darasa, kwa kuwa mnunuzi wa nje hanunui wastani. Anataka matunda yanayolingana, kwa sababu hupangwa katika maboksi ya kilo nne kwa idadi maalumu. Boksi la matunda 16, kwa mfano, linahitaji matunda yenye gramu 250 hivi kila moja.

Namba nyingi za maumbile, kama uzito wa matunda au urefu wa watu, zikichorwa hutoa umbo la kengele. Zilizo nyingi hukusanyika karibu na wastani, na kadiri unavyokwenda pembeni ndivyo zinavyopungua. Kwa umbo hilo ipo kanuni rahisi: takriban namba 68 kati ya 100 huwa ndani ya mchepuko sanifu mmoja kutoka kwenye wastani, na takriban 95 huwa ndani ya michepuko miwili.

Tuchukue tena mfano wa kubuni wa mashamba mawili yenye parachichi za wastani wa gramu 250. La kwanza lina mchepuko wa gramu 20, la pili gramu 60. Mnunuzi amesema atachukua matunda ya gramu 210 hadi 290 tu. Shamba la kwanza litauza takriban matunda 95 kati ya kila 100. La pili litauza takriban nusu, na yanayobaki yatarudi kwenye soko la ndani kwa bei ya chini.

Mkulima wa shamba la pili akiambiwa kwamba parachichi zake zina uzito wa wastani sawa na za jirani yake, ameambiwa ukweli. Lakini ukweli huo hautamsaidia kujua kwa nini amerudishiwa nusu ya mzigo. Kinachoweza kumsaidia ni kukatia matawi, kupunguza matunda yaliyosongamana na kutunza miti kwa usawa, yaani kupunguza mtawanyiko.

Funzo la mwaka 2012

Pengine hakuna tukio lililowaonyesha Watanzania uzito wa jambo hili kuliko matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013 na Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, zaidi ya watahiniwa 240,000, takriban asilimia 60, walikuwa wamepata daraja sifuri. Ufaulu ulikuwa asilimia 34.5 tu. Nchi nzima ilitikisika, na wazazi wa Rungwe waliungana na wenzao wa kila wilaya kuuliza watoto wao wamepatwa na nini.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mei 2013, William Lukuvi aliliambia Bunge mjini Dodoma kwamba serikali imeamua kufuta matokeo hayo. Sababu kubwa iliyotajwa ilihusu takwimu: Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lilikuwa limetumia viwango vya alama visivyobadilika, tofauti na utaratibu wa awali ambao viwango vilirekebishwa kulingana na jinsi watahiniwa walivyofanya.

Tofauti ya taratibu hizo mbili inaeleweka kwa mfano. Mtahiniwa amepata alama 40. Katika mtihani ambao wastani ni 30 na mchepuko sanifu ni 5, mtoto huyo yuko michepuko miwili juu ya wastani, na kama alama zina umbo la kengele, amewapita takriban wenzake 97 kati ya 100. Katika mtihani ambao wastani ni 55 na mchepuko ni 15, alama hizo hizo 40 ziko mchepuko mmoja chini ya wastani, na wenzake wapatao 84 kati ya 100 wamempita.

Mfumo wa viwango visivyobadilika hauangalii mambo hayo. Alama 40 ni alama 40, mtihani uwe mgumu au mwepesi. Mfumo wa kurekebisha hutazama kwanza alama zote zimetawanyika vipi, ndipo ukaamua daraja lianzie wapi. Kila mfumo una watetezi wake. Wa kwanza unasisitiza kwamba kuna kiwango cha ujuzi ambacho lazima kifikiwe. Wa pili unazuia kizazi kimoja kuadhibiwa kwa kuwa kilikutana na mtihani mgumu kuliko wa waliotangulia.

Matokeo mapya yalipotangazwa mwishoni mwa Mei 2013, ufaulu ulipanda hadi asilimia 43.08. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile. Hakuna mtoto aliyeongeza neno katika majibu yake, lakini maelfu waliotoka shuleni wakiwa wameshindwa walijikuta wamefaulu. Mahali pa kuchora mstari katika mtawanyiko wa alama paliamua nani aendelee na masomo na nani arudi shambani.

Asilimia ya ufaulu yenyewe ni namba moja inayoficha mengi. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 ufaulu ulikuwa takriban asilimia 88. Ni kiwango cha kupongezwa, lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takriban asilimia 37. Maana yake ni kwamba takriban nusu ya watahiniwa wote walikuwa daraja la nne, ambalo kwa wengi ni mlango mwembamba. Na katika somo la Hisabati, ambalo ndani yake takwimu hufundishwa, aliyefaulu alikuwa takriban mmoja tu kati ya watano.

NECTA ilichukua hatua nyingine Januari 2023 ilipoacha kutangaza orodha ya shule na wanafunzi kumi bora. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Hata hivyo, kwa jicho la takwimu, orodha ya kumi bora ni habari ya ncha ya kulia ya kengele. Haisemi lolote kuhusu shule ya kata ambayo wanafunzi wake wamelundikana katikati, wala ile ambayo wachache wamefanya vizuri na wengine wote wameanguka.

Kipato cha kati, cha nani?

Julai 1, 2020, Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Pato la taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 za Marekani, juu kidogo ya kiwango cha kuvukia cha dola 1,036. Ilikuwa habari njema na ilitangulia miaka mitano iliyolengwa. Lakini vijiweni watu waliuliza: kipato hicho cha kati kiko mfukoni mwa nani?

Swali hilo halikuwa la kejeli tu. Pato kwa kila mtu ni wastani, na wastani wa mapato huvutwa juu na wachache wenye nacho kingi. Tuseme kaya tisa za kijiji kimoja zinapata Sh100,000 kwa mwezi kila moja, na ya kumi, yenye malori, inapata Sh3,100,000. Jumla ni Sh4,000,000 na wastani ni Sh400,000. Hakuna kaya hata moja kijijini hapo inayopata Sh400,000.

Hapa ndipo inapofaa namba ya kati, yaani ile inayopatikana katikati baada ya namba zote kupangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Katika kijiji hicho namba ya kati ni Sh100,000, na inaeleza maisha ya watu tisa kati ya kumi. Wastani ukiwa mbali juu ya namba ya kati, msomaji ajue kwamba mtawanyiko una mkia mrefu upande wa wenye nacho.

Kwa upande wa taifa, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, ulionyesha kwamba asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, uliowekwa Sh49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Umaskini ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12.

Utafiti huo huo, hata hivyo, ulionyesha kwamba kipimo cha Gini, ambacho huwa sifuri pale watu wote wanapolingana na moja pale mtu mmoja anapomiliki kila kitu, kilipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Kwa maneno mengine, watu walitoka chini kidogo, lakini wakati huo huo walizidi kuachana. Namba hizi mbili hazipingani. Moja inahesabu walio chini ya mstari, nyingine inapima umbali kati ya watu wote, na mpanga sera anazihitaji zote mbili.

Maswali ya kuuliza

Haimaanishi kwamba wastani ni namba ya uongo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na ingawa hakuna nyumba yenye watu wanne na vipande, namba hiyo inasaidia kukadiria mahitaji ya maji au makazi ya nchi nzima. Wastani unafaa pale jumla inapohitajika. Hukosea pale unapotumika kumwakilisha mtu mmoja mmoja.

Mtawanyiko nao unahitaji uangalifu. Kanuni ya 68 na 95 ni ya umbo la kengele, na si kila kitu kina umbo hilo. Bei za ndizi huweza kuwa na nundu mbili, moja ya miezi ya mvua kubwa ambapo barabara hazipitiki na nyingine ya miezi mikavu. Katika hali hiyo wastani huangukia bondeni katikati ya nundu, mahali ambapo bei haifiki karibu siku zote, na dawa yake ni kutenganisha misimu kabla ya kuhesabu chochote.

Diwani anayesomewa taarifa ya kata, mwanachama wa ushirika anayeonyeshwa mkataba au mzazi anayepewa ripoti ya shule anaweza kujilinda kwa maswali manne. Namba ya chini na ya juu ni zipi? Namba ya kati ni ipi, na iko mbali kiasi gani na wastani? Namba hizo kwa kawaida huuacha wastani kwa kiasi gani? Na zilichukuliwa kwa nani, wapi na msimu gani?

Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji shahada. Ofisa aliyekusanya takwimu kwa uaminifu anayo majibu katika daftari lake, na kuyaandika katika taarifa ni suala la mistari miwili ya ziada. Halmashauri zinaweza kuanza na jambo dogo: kila jedwali lenye wastani liwe pia na safu ya kiwango cha chini, cha kati na cha juu. Kwa ndizi, hatua ya kwanza ni mizani sokoni, kwani bila kilo hata hesabu bora haina cha kushika.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayesoma taarifa akiwa Dodoma au Dar es Salaam ataona mkungu wa Sh10,000 na kuridhika. Mkulima wa Kyimo anaikumbuka wiki ya Sh4,000, kwa sababu ndiyo wiki aliyouza kuku.